Gemu ilipojiwasha kwa rangi zisizo zake

Kwa watoto wengi waliokulia Bariadi wakati mji huo ukiwa bado makao makuu ya wilaya ndani ya Mkoa wa Shinyanga, gemu ya kwanza kushikwa mkononi haikuwa na rangi. Ilikuwa ile ya plastiki, ya matofali yanayodondoka, iliyojisifu kwenye boksi lake kuwa imebeba gemu 9999. Kioo kilikuwa cha kijivu na vitofali vyeusi. Baba akishauza pamba, mtoto mwenye bahati aliletewa moja kutoka gulioni. Betri zikilegea, gemu ilizima, ikawaka tena, vitofali vikajaa kioo kizima kwa mpigo, na alama zilizotafutwa wiki nzima zikawa zimepotea. Mtoto aliipiga kofi mgongoni, akaanza upya.

Leo Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani humo. Gemu nazo zimehamia kwenye simu. Kijana mwenye simu ya Android anaweza kucheza hata gemu za Game Boy zilizotengenezwa kabla hajazaliwa, kwa kutumia programu inayoigiza mashine ile ya Kijapani. Gemu hizo zimekuja na hitilafu zake. Mojawapo ni ya ajabu: gemu inakatika katikati ya mchezo, inarudi mwanzo yenyewe, na inapofunguka rangi zote zimevurugika. Hakuna aliyegusa mipangilio, na mashine ni ile ile.

Historia ya hitilafu hiyo inatuhusu hapa Simiyu. Inaonyesha jinsi watu wasio na ajira wala maabara ya kiwanda walivyoielewa mashine hadi ndani kabisa, kwa sababu tu waliiangalia ilipoharibika na wakaandika walichokiona.

Mashine ya vivuli vinne

Game Boy ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989. Iliundwa katika kampuni ya Nintendo na kikosi kilichoongozwa na Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeamini kwamba chombo kizuri hujengwa kwa teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei. Kioo chake kilionyesha vivuli vinne tu, kuanzia kilichofifia hadi cheusi. Mwaka huo huo mshindani wake, Atari Lynx, alitoka na rangi kamili, lakini alikula betri sita kwa saa nne au tano. Game Boy ilitumia betri nne na kudumu kwa zaidi ya saa kumi. Betri ndizo zilizoamua ushindi. Ukijumlisha Game Boy na ndugu yake wa rangi aliyefuata, ziliuzwa milioni 118.69 duniani.

Ndugu huyo, Game Boy Color, alitoka Japani tarehe 21 Oktoba 1998. Aliweza kutengeneza rangi 32,768 na kuonyesha hadi 56 kwa wakati mmoja. Nintendo walitaka zile gemu za zamani zisizo na rangi ziendelee kuchezwa humo, kwa hiyo mashine mpya ilipewa kazi ya kuzivalisha. Ilisoma jina la gemu, na ikilitambua iliipa rangi ilizopangiwa. Mchezaji asiyeridhika aliweza kuchagua mwenyewe kati ya aina 12 za rangi, kwa kubonyeza kitufe cha mwelekeo, pamoja na A au B akipenda, wakati jina la kampuni likionekana kwenye kioo. Juu peke yake ilileta kahawia, kushoto na A ikaleta bluu iliyokolea, na kulia na B ikapindua kila kitu, cheusi kikawa cheupe.

Namba moja mlangoni

Kazi hiyo yote ilifanywa na programu ndogo iliyofichwa ndani ya chipu. Katika Game Boy ya kwanza ilikuwa na baiti 256 tu. Katika ile ya rangi ilikuwa kama kilobaiti mbili. Mashine ikiwashwa, programu hiyo huamka kwanza. Huonyesha jina la Nintendo, hulia ule mlio maarufu, hukagua kama kaseti ya gemu ina nembo halali, kisha huikabidhi gemu usukani.

Kabla ya kukabidhi, huacha ujumbe mmoja. Katika kichumba kidogo cha prosesa kiitwacho A huweka namba: 01 kama mashine ni Game Boy ya kwanza, 11 kama ni ya rangi, namba hizo zikiwa katika hesabu ya msingi wa kumi na sita inayotumiwa na kompyuta. Halafu programu inajifungia nje. Inaondoka kabisa kwenye ramani ya kumbukumbu na hairudi mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena.

Mkulima wa Simiyu ataelewa upesi. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hupima mzigo mlangoni, huandika kilo na daraja kwenye stakabadhi, na kuanzia hapo kila mtu ndani ya ghala huamini karatasi ile. Mzigo ukipenyezwa ghalani kwa mlango wa nyuma, pamba safi yaweza kurundikwa na pamba fifi, kwa kuwa hakuna karatasi ya kuitambulisha.

Ndivyo ilivyotokea kwa Pokémon Gold na Pokémon Silver, gemu zilizotoka Japani Novemba 1999 na kufika Marekani Oktoba 2000. Zilitengenezwa ziweze kucheza kwenye mashine zote mbili, kwa hiyo jambo lao la kwanza lilikuwa kuangalia kichumba A. Zikikuta 11, zilijiandikia kwamba zimo ndani ya mashine ya rangi. Zikikuta namba nyingine yoyote, zilijihesabu kuwa zimo ndani ya mashine ya zamani. Swali hilo liliulizwa mara moja tu. Hata mchezaji aliporudi mwanzo kwa njia halali, kwa kubonyeza A, B, Start na Select kwa pamoja, gemu haikuuliza tena. Ilitunza jibu la awali na rangi zikabaki salama.

Hitilafu haifuati njia halali. Prosesa ikipotea njia na kuangukia kwenye mstari wa kwanza wa gemu, swali linaulizwa upya, lakini kichumba A kwa wakati huo kina namba yoyote iliyoachwa na kazi iliyopita. Ile 11 imeshafutika, na programu iliyoiweka imejifungia nje. Dalili yake ni rahisi kuitambua: jina la Nintendo halionekani na ule mlio wa kuwaka hausikiki. Gemu inaanza tu.

Mfuko wa sarafu

Njia mojawapo ya kupotea ilikuwa kitu kidogo ndani ya Gold na Silver za Kiingereza: mfuko wa sarafu, Coin Case, ambao mchezaji huufungua kuona ana sarafu ngapi za kamari. Maandishi yake mafupi yalimalizwa kwa alama isiyo yake. Gemu iliendelea kusoma kupita mwisho wa maandishi, ikaishia kuruka hadi sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi data za sauti, na kuanza kuzitekeleza kama amri.

Kwa sababu hiyo, kilichotokea kilitegemea sauti iliyopigwa kabla ya kufungua mfuko. Mchezaji aliyetoka kusikia mlio wa kiumbe fulani wa ndani ya gemu alipata jambo moja. Aliyesikia mwingine alipata jingine. Mara gemu iliganda. Mara ilirudi mwanzo na rangi zilizovurugika. Wachezaji, wengi wao vijana, walijaribu kiumbe kimoja baada ya kingine, wakaandika matokeo, wakapeana. Kwa macho ya mzazi walikuwa wanapoteza muda. Ukweli ni kwamba walikuwa wanafanya uchunguzi: wanabadilisha kitu kimoja, wanaacha vingine kama vilivyo, wanaangalia tofauti.

Rangi zilizovurugika nazo zilikuwa na maelezo yake. Gemu iliyojidhania imo ndani ya mashine ya zamani ilituma maagizo ya vivuli kwa utaratibu wa zamani. Mashine ya rangi, ambayo bado ilikuwa katika hali ya rangi, haikuyajali maagizo hayo. Iliendelea kutumia rangi zilizokuwa zimebaki kwenye kumbukumbu yake tangu kabla ya ajali. Hivyo ukurasa wa mwanzo ulijitokeza umepakwa rangi za mahali pengine kabisa. Kila rangi iliyoonekana potofu ilikuwa ushahidi wa mahali mchezaji alipokuwa dakika moja kabla.

Pokémon Crystal, iliyotoka Japani Desemba 2000, ilitengenezwa kwa Game Boy Color peke yake, na yenyewe ilijibu kwa namna nyingine. Ikipata namba isiyo sahihi, ilisimama na kumwambia mchezaji kwamba gemu hii ni ya Game Boy Color tu, ilhali mchezaji huyo ameishika mkononi Game Boy Color.

Waliofungua mlango

Nintendo hawakuwahi kuwakabidhi wachezaji ile programu ya mlangoni. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa matokeo yake tu. Mwaka 2003 mtafiti wa kujitegemea anayetumia jina la neviksti aliichonga chipu ya Game Boy ya kwanza mpaka ikawa wazi, akaiweka chini ya darubini, akasoma baiti zote 256 biti kwa biti kwa macho yake.

Ile ya Game Boy Color ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 2009 mtafiti mwingine aitwaye Costis aliipata kwa kuyumbisha umeme na mapigo ya saa ya mashine kwa makusudi, mpaka mashine ikateleza na kushindwa kujifungia. Jambo hilo lina uzito wake: hitilafu iliyosababishwa kwa ustadi ndiyo iliyotoa nje programu ambayo kukosekana kwake kulizaa hitilafu ya rangi. Waliotengeneza programu za kuigiza Game Boy kwenye kompyuta na simu walifaidika na kazi hizo. Programu ya kuigiza inayoruka hatua ya mlangoni lazima iiweke 11 kwenye kichumba A yenyewe. Ikisahau, gemu zinazouliza swali hilo zitaamini kwamba zimo ndani ya mashine isiyo na rangi.

Meza za mafundi

Kijana wa Bariadi anayecheza Gold kwenye simu anaifaidi kazi ya watu hao, na hakuna kinachomzuia kuwa mmoja wao. Mafundi simu wa mji wetu wanaishi na hitilafu kuanzia asubuhi hadi jioni. Simu inastaki kwenye nembo, inajizima na kujiwasha bila kukoma, inawaka na kioo cha kijani au chenye mistari. Fundi hodari anauliza maswali yale yale: ilianza lini, ilikuwa inafanya nini kabla, imeshawahi kuflashiwa, hatua gani imerukwa ilipowaka. Mara nyingi anapata jibu.

Kinachotutofautisha na wachezaji wale ni daftari. Wao waliandika: sauti gani ilisikika kabla, rangi gani zilitokea baada, kaseti ya toleo lipi, mashine ya aina gani. Mtu wa nchi nyingine alisoma, akarudia jaribio, akaongeza lake. Jibu la fundi wa Bariadi linaisha pale pale simu inaporudishwa kwa mwenyewe, na fundi wa Maswa au Lamadi analitafuta tena kuanzia mwanzo wiki inayofuata.

Daftari la shilingi chache linatosha kuanzia. Ukurasa mmoja kwa simu moja: aina yake, ilichofanya, kilichotangulia, kilichoiponya, na kilichojaribiwa kikashindikana. Walimu wa kompyuta katika shule za sekondari za Simiyu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo hiyo kwa gemu wanazocheza tayari. Waulizwe gemu ilipokwama ilikuwa imeamini nini kuhusu mashine yake, na wajibu kwa kujaribu badala ya kubahatisha. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini rangi zilibadilika, ameshaelewa mashine inavyoanza kazi, kumbukumbu inavyotunza mambo, na kwa nini programu haipaswi kuamini namba iliyoikuta bila kuikagua. Hayo ndiyo masomo ya kompyuta yenyewe.