Google: Utafiti ulionufaisha washindani

Google, kampuni ya teknolojia ya Marekani, huchapisha tafiti nyingi hadharani. Mnamo 2017, wataalamu wake 8 waliandika makala Attention Is All You Need, yaliyoeleza Transforma, muundo unaoiwezesha kompyuta kupima uhusiano wa kila neno na mengine katika matini. Makala hayo yamerejelewa na watafiti zaidi ya mara 100,000.

Hata hivyo, sifa hiyo ya kitaaluma haikuihakikishia Google soko. Novemba 2022, OpenAI ilizindua ChatGPT, iliyojengwa juu ya muundo uo huo. Google ikatoa Bard mwaka uliofuata. Kufikia mwisho wa 2023, waandishi wote 8 walikuwa wameihama kampuni hiyo, ingawa mmoja wao, Noam Shazeer, alirejea mnamo 2024.