Mlango wa Chuma

Hapa Chang'ombe, mama mjamzito akitamani udongo hahitaji kwenda mbali. Anaupata gengeni, vipande vilivyokaushwa, karibu na ndimu na tangawizi. Wengi wetu huku Bara tunauita pemba. Jina hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za kisiwa cha Pemba, na humo nikakuta historia ambayo sikuitarajia: historia ya watoto na madini ya chuma.

Huko Pemba kwenyewe ulaji wa udongo umechunguzwa kwa miaka. Mtafiti Sera Young na wenzake walikuta kwamba wajawazito wanaokula udongo huwa na upungufu wa damu zaidi ya wasiokula. Mtu anaweza kudhani kwamba mwili unatafuta chuma ardhini. Lakini udongo wa mfinyanzi unaweza kukinasa chuma kilichomo kwenye chakula, kikapita tumboni bila kuingia kwenye damu.

Bibi yangu angesema mama huyo ana safura. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na ndani yake imo rangi ya manjano. Waswahili walilitumia kwa mtu aliyepauka na kuchoka ovyo, na hadi leo tunasema minyoo ya safura. Wazee hawakukosea kuviunganisha vitu hivyo viwili. Minyoo hiyo hung'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu, na damu ikipotea, chuma hupotea nayo. Katika miaka ya 1990, Rebecca Stoltzfus na wenzake walifanya utafiti kwa watoto wa shule Pemba wakaonyesha jinsi minyoo hiyo inavyomaliza chuma mwilini.

Chuma chenyewe si kingi. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu, sawa na msumari mdogo, na theluthi mbili hivi zimo kwenye wekundu wa damu. Kila siku sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba hupokea miligramu 1 au 2 kutoka kwenye chakula. Lakini uboho wa mifupa unahitaji zaidi ya miligramu 20 kwa siku ili kutengeneza damu mpya. Zinazobaki hutoka kwenye damu kuukuu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, hasa kwenye bandama na ini, na chuma chake hurudishwa kazini. Vijana wanaopita mitaani kwetu wakinunua vyuma chakavu wangeielewa biashara hiyo mara moja.

Chuma hakiachwi kitembee peke yake, kwa sababu kikiwa huru huunguza tishu na kulisha vijidudu. Katika damu hubebwa na protini iitwayo transferini. Kinachosubiri kutumika huwekwa kwenye feritini, kighala kidogo ambacho kimoja kinaweza kubeba hadi atomu 4,500. Na kikizidi, mwili hauna njia maalumu ya kukitoa. Kwa hiyo ulinzi wote uko mlangoni.

Mlinzi wa mlango huo alijulikana juzijuzi tu. Mwaka 2001, maabara ya Tomas Ganz huko Los Angeles ilieleza protini ndogo iliyopatikana kwenye mkojo. Walidhani kazi yake ni kuua vijidudu, wakaiita hepsidini, jina linalounganisha ini na kuua. Mwaka huohuo watafiti wa Ufaransa waliona kwamba panya wasio nayo hujaa chuma. Polepole maana ikaonekana. Chuma kikitosha, ini hutoa hepsidini na mlango hufungwa. Maambukizi yakiingia, mlango hufungwa pia, ili vijidudu vikose chakula.

Januari 2002, kabla maarifa hayo hayajakomaa, utafiti mkubwa ulianza Pemba. Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wadogo wote wapewe chuma mahali ambapo upungufu wa damu umeenea. Sunil Sazawal na wenzake, wakifanya kazi na maabara ya Ivo de Carneri iliyoko Chake Chake, walitaka kujua kama chuma kitapunguza vifo na kulazwa hospitali. Watoto 24,076 wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki, baadhi hayo pamoja na zinki, na wengine dawa tupu. Kipimo cha chuma kilikuwa miligramu 12.5 kwa siku, na nusu yake kwa wasiofikisha mwaka. Malaria wakati ule ilikuwa kali kisiwani.

Agosti 2003 kamati ya usalama ilishauri utoaji wa chuma usimamishwe. Watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet Januari 2006, pamoja na ya utafiti kama huo uliofanyika Nepal, mahali pasipo na malaria ya namna hiyo. Kule madhara hayo hayakuonekana.

Katika kundi dogo la watoto wa Pemba waliopimwa damu kwanza na kufuatiliwa kwa karibu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Kwa hiyo chuma si sumu. Hatari ilikuwa kukitoa kwa kila mtoto, mwenye nacho na asiye nacho, katika nchi ya mbu.

Kupima nako kuna mtego. Kliniki zetu hutoboa kidole na kusoma wingi wa damu, lakini damu inaweza kupungua kwa malaria au selimundu huku ghala limejaa. Feritini nayo hupanda mtu akiugua, hivyo mtoto mwenye homa anaweza kuonekana tajiri wa chuma ilhali hana kitu.

Mwongozo wa dunia ulibadilika. Ule wa 2016 unasema kwamba penye malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Ninaposikia muuguzi akimuuliza mama kuhusu chandarua, naona kwamba swali hilo halitenganishwi na vidonge vya kuongeza damu. Somo hilo lililipiwa na familia za Pemba. Watoto waliobaki hai sasa ni watu wazima wa miaka ishirini na kitu, na wachache wanajua kwamba ushauri unaofuatwa leo kwingi penye malaria ulitokana na damu yao.