Safari ya macheo mawili

Hebu tafuta umbali wa ndege kati ya Perth, Australia, na London. Utaambiwa ni kilomita 14,500 hivi, saa 17 hewani, bila kutua popote. Qantas wanairuka hivyo tangu Machi 2018, na abiria wanalalamikia chakula. Mimi namba hizo zinanirudisha 1943, wakati kipande tu cha njia hiyo kilikuwa kinakula saa nyingi kuliko safari yote ya leo.

Februari 1942 Wajapani waliiteka Singapore, na njia ya ndege kati ya Australia na Uingereza, iliyopitia pale, ikakatika. Kilomita zilibaki zilezile, ila pa kutua hapakuwepo tena. Barua za jeshi, nyaraka za serikali, maofisa wenye haraka, wote wakakwama.

Jawabu lililopatikana lilikuwa la kichaa kidogo: kuruka moja kwa moja kutoka Perth hadi ziwa la Koggala, kusini mwa Sri Lanka (enzi hizo Ceylon), kilomita zaidi ya 5,600 juu ya Bahari ya Hindi. Huko ndiko safari iliunganishwa kuelekea London. Ndege ya leo ingemaliza kipande hicho kwa saa saba tu. Wao walikuwa na Catalina, ndege inayotua majini, mwendo wake kama kilomita 200 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe. Safari ilichukua saa 27 ikienda vizuri, na kuna moja ilifika saa 32 na dakika 9.

Ilibidi ibebe mafuta karibu lita 9,000, kwa hiyo karibu kila kitu kingine kikaondolewa. Abiria watatu. Barua kilo 69, yaani mabegi matatu ya mtu anayerudi kutoka Dubai! Silaha hakuna. Redio waliisikiliza tu, maana kusema neno ni kumwonyesha adui ulipo, na sehemu ya hatari zaidi walipanga kuipita gizani. Njia waliisoma kwenye nyota. Ndege zenyewe tano walizipa majina ya nyota: Altair, Vega, Rigel, Antares, Spica.

Aliyepanda aliona jua likichomoza mara mbili kabla ya kushuka, na alipewa cheti cha kuthibitisha hilo. Kwa Kiingereza ni kichekesho kizuri tu. Kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza, nadhani kina uzito zaidi: mtu huyo alipitia saa moja asubuhi mara mbili akiwa kwenye kiti kilekile, chini yake bahari, na hakuna aliyejua yuko wapi.

Hadi Julai 1945 walikuwa wamevuka mara 271. Hawakupoteza ndege hata moja.

Kinachoniuma ni yaliyofuata. Catalina hizo zilitoka Marekani kwa mkataba wa misaada ya vita, na mkataba haukuruhusu zibaki kazini vita vikiisha. Wala hawakuhifadhi moja kwa ajili ya makumbusho, jamani. Zilipelekwa nje ya pwani ya Australia zikazamishwa.