Mombasa 1939–1947: Mshahara Ulipogombana na Kodi ya Chumba

Katika miaka ya 1930 Mombasa ilikuwa mji wa wastani ulioishi kwa bandari yake ya Kilindini. Wafanyakazi wengi wa Kilindini walikuwa vibarua wa kutwa. Meli zikifika kwa wingi, walipata kazi siku kadhaa mfululizo. Zikikawia, walirudi nyumbani mikono mitupu. Kodi ya chumba, hata hivyo, haikusubiri meli.

Wengi wao walipanga katika mtaa wa Majengo, kwenye nyumba za Kiswahili za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Ukumbi ulipita katikati, vyumba vikiwa huku na huku, na nyuma palikuwa na ua wa kupikia na kuogea. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hakumiliki ardhi. Alilipia kiwanja kwa mwenye shamba, kisha akatafuta fedha hizo kwa wapangaji. Ili kuimudu kodi, wanaume kadhaa walichanga na kulala chumba kimoja. Baada ya kodi kulikuwa na chai ya alfajiri, unga, makaa, mafuta ya taa, na maji yaliyonunuliwa kwa debe.

Waajiri walikuwa na hesabu yao. Kwao, mfanyakazi Mwafrika alikuwa mtu wa peke yake aliyekuja mjini kwa muda. Mkewe na watoto wangelishwa na shamba la kwao. Kwa hiyo mzigo wa kulea familia ya mfanyakazi ulibebwa na wanawake waliolima vijijini, huku bandari ikivuna jasho la waume zao. Hesabu hiyo ilikuwa dhuluma, na ndiyo iliyozaa migomo.

Katikati ya mwaka 1939 wafanyakazi wa Idara ya Kazi za Umma walidai haki yao ya makazi. Sheria ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au fedha za kupangia, nao hawakupata hata moja. Walipoweka zana chini na kusikilizwa, wengine waliona njia. Mgomo ukaenea idara kwa idara na kampuni kwa kampuni mpaka ukafika bandarini. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Willan, nayo ikakiri kwamba makazi ya wafanyakazi yalikuwa mabaya na yamefurika watu.

Kisha Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaja. Bidhaa za kutoka ng'ambo ziliadimika, nguo zikapanda bei, na mwaka 1943 njaa iliikumba Kenya. Nyongeza ndogo za mishahara zilitolewa, lakini bei zilikuwa zimekwisha kuzitangulia.

Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Watu wapatao 15,000 waligoma: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata wapishi na watumishi wa majumbani. Walikutana kwenye uwanja wa mpira uliojulikana kama Kiwanja cha Maskini, na hapo ndipo chama chao kilipozaliwa, kikaja kuitwa African Workers' Federation. Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mgomo ulidumu karibu siku 12. Ulimalizika baada ya Eliud Mathu, mjumbe wa kwanza Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, kufika kuwasihi warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa.

Baraza la usuluhishi la Jaji Thacker liliongeza mishahara. Hata hivyo, Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Kabarnet, mbali kabisa na pwani. Serikali ilimwondoa kiongozi, lakini swali la mshahara wa kutosha familia lilibaki. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ilipendekeza mshahara wa mjini upandishwe hatua kwa hatua mpaka umtosheleze mtu pamoja na familia yake. Waliogoma walikuwa wamelisema hilo mapema, nao walilisema kwa njaa yao.

Leo kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa, au posho ya kutosha kupata makazi hayo. Anayepokea posho hiyo ajue kwamba kuna watu wa Mombasa waliogoma kwa ajili yake. Na anayepanga kima cha chini cha mshahara aanze na hesabu yao: kodi ya chumba, debe la maji, na chakula cha familia nzima.