Wazazi na Shule za Sekondari katika Nchi ya Kenya

Wasomaji wetu wengi wana watoto katika shule za sekondari, na kila mwaka huitwa mkutanoni wakaambiwa ya kwamba bweni halitoshi, au maji ya mvua yapotea kwa kukosa tangi, au madawati yamevunjika. Wakirudi njiani baadhi yao hunung'unika wakisema, "Shule ni ya serikali, mbona sisi ndio tutozwao?" Swali hili si la jana. Limeulizwa katika Kenya tangu zamani za babu zetu, na jawabu lake limegeuka mara nyingi. Kwa hiyo tumeona yafaa tuzieleze habari zake, ili mzazi aulizaye ajue ni jambo gani aliulizalo.

Hapo kwanza kijana Mwafrika aliyetaka elimu ya juu hakuwa na mlango ila ule wa misioni. Shule ya Alliance pale Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa umoja wa misioni za Kiprotestanti, ilipokea wavulana wachache tu kutoka nchi nzima. Wakatoliki nao walikuwa na shule yao ya Kabaa, ambayo baadaye ilihamia Mang'u. Milango hiyo ilikuwa miembamba, na waliobaki nje walikuwa wengi.

Basi mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuweka Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Mabaraza hayo yalipewa ruhusa ya kutoza watu wao ushuru mdogo, mbali na ile kodi ya kichwa na ya nyumba, kwa ajili ya mambo yenye faida kwa wilaya. Njia na madaraja yalihitaji fedha, lakini wazee wa Ukikuyu na wa nchi za magharibi walitaka shule kuliko kitu kingine, wakaanza kuweka akiba. Wakubwa wa serikali walisitasita, maana waliona kwamba Mwafrika amefaa zaidi kufundishwa useremala na ukulima. Wazee hawakuachilia. Hivyo ilifunguliwa shule ya Kakamega mwaka 1932, na ya Kagumo karibu na Nyeri mwaka 1933, na ya Kisii mwaka 1935. Zote ziliitwa shule za serikali, lakini fedha ya wenyeji ilikuwamo katika misingi yake.

Na sisi tulio watu wa kanisa yatupasa kusema kweli. Sababu moja iliyowafanya wazee wale kutoa fedha zao ni kwamba walitaka shule zisizo chini ya mkono wa misioni. Walishukuru kwa kufundishwa kusoma, walakini waliona kuwa mmisionari ndiye aamuaye nani aendelee na nani akomee pale alipo, wala baba wa mtoto haulizwi neno.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi baada ya mwaka 1929, yalipotokea mashindano makali katika Ukikuyu kwa habari ya tohara ya wasichana. Watu wengi walitoka katika makanisa, wakajenga shule zao wenyewe, ndizo shule za kujitegemea. Hatusemi kwamba katika neno lile la tohara walikuwa na haki. Twaamini kuwa hawakuwa nayo. Lakini katika kazi ya kujenga shule walionyesha jambo ambalo wengi hawakulitazamia: ya kwamba watu wasiojua kusoma wanaweza kuweka shule na kuilisha. Shule hizo zilipokosa walimu, Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani, alisimamia kufunguliwa kwa chuo cha walimu pale Githunguri, mwezi wa Januari mwaka 1939. Michango yake ilikusanywa kwa marika. Kila rika lilitaka lisishindwe na rika lingine, kama zamani vijana walivyoshindana katika ngoma na vita. Nao wanawake walichanga fungu lao ili wasichana wapate bweni. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza alikuwa mkuu wa chuo hicho. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilikifunga chuo pamoja na shule nyingi za kujitegemea, na mali iliyotolewa kwa jasho la miaka mingi ikatoka mikononi mwa wenyewe kwa siku moja.

Tumeyataja hayo kwa sababu pasipo kuyajua mtu hawezi kufahamu mambo yaliyotukia baadaye. Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Kenyatta alitoa neno "Harambee" liwe mwito wa taifa. Neno lenyewe si geni kwa watu wa pwani: ndilo wavutao chombo na wachukuzi wa mizigo walilolipaza ili nguvu zao zipatane kwa dakika moja. Wakati ule Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na shule za sekondari 151 tu, zenye wanafunzi wapatao 30,000. Watoto waliomaliza shule za chini wakakosa nafasi walikuwa katika kila nyumba. Wazazi hawakungoja. Walikata miti, wakachimba mawe, wakafyatua matofali. Na kabla ya mwaka 1975 shule za sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimezidi zile za serikali kwa hesabu.

Namna ya kuchanga ilikuwa nyingi. Katika nchi za kahawa fedha ilikatwa katika malipo ya mkulima kabla hajaipokea. Palipokuwa hakuna zao la kuuza, watu walileta kuku, mayai, ndizi, hata mbuzi, vikanadiwa mbele ya mkutano. Na jogoo mmoja aliweza kuuzwa mara nne, kwa kuwa kila aliyemnunua alimrudisha ili anadiwe tena. Mgeni wa heshima alikaa mbele. Mwandishi akasoma majina na kiasi cha kila mmoja kwa sauti kuu, na watu wakapiga makofi, mengi au machache kwa kadiri ya fedha. Desturi hii ya kusoma majina ililetea shule mali nyingi. Lakini sisi hatukuipenda kamwe. Mjane aliyeleta mayai matatu alikuwa ametoa kuliko mgeni aliyeshuka katika motokaa, naye jina lake lilisomwa upesi na watu wakicheka.

Na hao wanawake tusiwapite. Katika Ukikuyu walikuwako wanawake waliofanya vyama vya kununuliana mabati, wakilima mashamba ya wengine kwa ujira na kuweka fedha pamoja, hata nyumba ya kila mmoja ikaezekwa. Watu waliokwisha kujifunza hivyo kuweka hesabu na kuaminiana hawakushindwa na paa la darasa. Tena ilikuwapo faida nyingine ambayo haikukusudiwa na wengi. Shule za serikali kwa wasichana zilikuwa chache mno, lakini shule ya harambee ilikuwa karibu na nyumbani, na mlango wake haukuwa mwembamba kama ule. Kwa hiyo fungu la wasichana katika shule za harambee lilizidi lile la shule za serikali.

Walakini kuta si shule. Hapa ndipo twaona ya kuwa juhudi ya wazazi ilipata mpaka wake. Jiwe huchimbwa mara moja na hukaa, lakini mwalimu hulipwa kila mwezi. Kijiji kilichoweza kujenga madarasa mawili kwa mwaka mmoja kilishindwa kumpa mwalimu mwenye cheti mshahara wa miaka mitano. Shule nyingi zilifundishwa na vijana waliotoka kidato cha nne juzi, pamoja na wageni waliojitolea kutoka ng'ambo; hazikuwa na maabara, na vitabu vilikuwa haba. Wanafunzi wenyewe ni wale waliokosa nafasi serikalini. Mtihani ulipokuja, walianguka wengi. Na wazazi wao walilipa karo kubwa kuliko wazazi wa shule za serikali, ambao watoto wao walishinda. Hebu fikirini: aliyepata kidogo ndiye aliyetoa zaidi.

Wazee walilijua jambo hilo. Wengi walijenga kwa shabaha moja, ili serikali ikiona kuta zimesimama ione haya kuziacha bila mwalimu. Mara nyingine ilifanya hivyo. Lakini wenye sauti serikalini walisikiwa kwanza, na nchi zenye kahawa na chai zilijenga zaidi, kwa hiyo msaada nao ulizifuata. Nchi kavu za kaskazini, ambako watu huhama na mifugo yao, zilibaki nyuma. Tena pahali pengine mchango uliacha kuwa hiari: mtu asiyetoa alinyang'anywa kuku au mbuzi kwa amri ya chifu, naye huenda hakuwa na mtoto hata mmoja shuleni.

Likawako na neno la uaminifu. Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za mfalme Yoashi katika Kitabu cha Pili cha Wafalme: jinsi fedha ya kutengeneza nyumba ya Bwana ilivyopokewa miaka mingi, na mabomoko yasitengenezwe, hata kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu katika kifuniko, na fedha ikahesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Kamati nyingi za shule hazikuwa na kasha la namna hiyo. Hesabu ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na wanasiasa walipotambua kwamba harambee ni jukwaa zuri, fedha ilianza kuja bila kuulizwa imetoka wapi. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwawekea mipaka katika kukusanya michango hiyo.

Kabla ya hapo mambo mengine yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1985 ulianza utaratibu wa elimu wa miaka minane, minne na minne, na wazazi wakaambiwa wajenge vyumba vya useremala na sayansi ya nyumbani. Mwaka 1988 serikali ilitangaza kuwa gharama za elimu zitagawanywa baina yake na wazazi. Karibu na wakati huo huo shule za harambee ziliingizwa katika hesabu ya shule za umma, zikapata walimu wa serikali: ile shabaha ya wazee ikatimia, ingawa wengi wao hawakuwako kuiona.

Mwaka 2008 serikali ilianza kulipa shilingi 10,265 kwa mwaka kwa ajili ya kila mwanafunzi wa sekondari, ili masomo ya kutwa yasiwe na ada. Na mwaka 2018 ikaongeza hata 22,244. Lakini chakula, mavazi na bweni vilibaki kwa mzazi.

Sheria ya elimu ya mwaka 2013 ndiyo iliyoandika kwa wino yale ambayo zamani yalikuwa desturi tu. Kila shule iwe na chama cha wazazi, na kila mwenye mtoto pale ni mwanachama. Katika halmashauri ya shule ya umma watu 6 wawe wa kuchaguliwa kwa ajili ya wazazi au wenyeji, na watu 3 wa mfadhili, ambaye mara nyingi ni kanisa. Ada ya masomo isitozwe. Na malipo mengine yaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri, baada ya shauri na halmashauri ya elimu ya kaunti, lakini mtoto asikataliwe darasani kwa kuwa hakulipa. Tena malipo yawe na stakabadhi. Twawajua wazazi ambao watoto wao wamerudishwa nyumbani kwa deni la bweni, nao wakauza mbuzi bila kuuliza idhini hiyo ilitolewa na nani, kwa sababu hawakujua kwamba swali hilo laruhusiwa. Mkutano wa wazazi ndipo mahali pake, na mwandishi hana budi kuliandika katika kitabu cha mkutano pamoja na jawabu lililotolewa.