Mrihani uliofichwa ndani ya herufi tatu

Bibi yangu alikuwa na mrehani mmoja tu, kwenye kopo la mafuta ya kupikia, kando ya mlango wa uani. Haukuwa wa kula. Alichuma vijitawi asubuhi na mapema, akavifunga pamoja na asumini, kikuba hicho tayari. Ungemwambia kwamba Waitalia wanausaga wakatia kwenye tambi, nadhani angecheka mpaka akae chini.

Nimemkumbuka kwa sababu ya makala moja ya kisayansi ya mwaka 2015 kutoka Marekani, niliyoisoma nikitafuta kitu kingine kabisa.

Lakini kisa kinaanzia Uganda. Mwaka 1933 mtaalamu wa kuvu aitwaye Hansford aliorodhesha ugonjwa wa mrehani alioukuta huko. Ni ubwiri vinyoya. Jani linageuka njano katikati ya mishipa, ungedhani limekosa mbolea tu, na wengi ndivyo wanavyodhani. Lipindue. Chini yake utaona vumbi la kijivu linaloelekea zambarau, na hilo vumbi ndilo mbegu ya ugonjwa. Linahitaji usiku wenye unyevu, basi.

Kwa karibu miaka 70 hakuna aliyeushughulikia sana. Kisha mwaka 2001 ukatokea Uswisi, miaka miwili baadaye Italia, na mwaka 2007 ukafika Florida. Ulisafiri ndani ya mbegu zilizouzwa, na baada ya hapo upepo ukamalizia kazi. Mashamba yakaharibika. Jina rasmi, Peronospora belbahrii, ulipewa mwaka 2009 tu.

Katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, James Simon na wenzake wakaanza kutafuta mrehani unaoweza kuuhimili. Shida ni kwamba mingi iliyohimili ilikuwa jamaa wa mbali: ukiichanganya na mrehani wa kula, uzao unakuwa tasa. Isipokuwa mmoja wa spishi ileile, wenye asili ya Zanzibar, uliokuwa ukiuzwa na duka la mbegu za mitishamba kwa jina la ‘Mrihani’. Waliuchavusha na mrehani dhaifu, na watoto wa kwanza wote wakauhimili ugonjwa.

Kwenye makala, baada ya kutajwa mara ya kwanza, unaitwa MRI. Kurasa nzima: MRI, MRI, kama kipimo cha hospitali. Mwaka 2018 aina nne mpya za Rutgers zikaingia sokoni: Devotion, Obsession, Passion na Thunderstruck. Kutoka neno, tukabaki na herufi tatu. Kutoka herufi tatu, hakuna.

Kwa kweli nilikasirika. Kisha nikatulia kidogo, maana neno lenyewe tulilichukua kwa Waarabu, rayhan, na mmea nao ulikuja na jahazi kutoka ng’ambo. Hatuna hati miliki. Lakini kuna mtu, na kabla yake mtu mwingine, aliyekuwa akivuna mbegu hizo mwaka hadi mwaka pale Unguja, na huyo hakuandikwa popote. Hansford tunamjua.

Ukipata mbegu hizo mpya, usidanganyike na neno “kinzani”. Si kinga kamili. Msimu wa unyevu ukirefuka, madoa yanaweza kuonekana. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Usisonganishe miche, hewa ipite. Kuvuna, usinyofoe jani mojamoja: kata shina juu kidogo ya majani mawili yanayotazamana, hapo yatachipuka matawi mawili. Na usitie kwenye friji, majani yatakuwa meusi kabla hujala.

Vitabu vyote vya bustani vinasema pia ukate maua mapema, ili mmea uendelee kutoa majani. Bibi alikata, ila kila mara aliacha tawi moja. Lilichanua, likakauka, likawa baya kutazama, sisi watoto tukitaka kuling’oa anatufukuza. Mwisho alilisugua viganjani juu ya sahani, akapuliza makapi, zikabaki mbegu nyeusi ndogondogo, akazifunga kwenye pindo la kanga.