Thamani ya hewa ukaa inayoepukwa kwa kuokoa umeme, pwani ya Kilifi

Thamani hii hupatikana kwa kuzidisha kilowati-saa zilizookolewa kwa kiasi cha kaboni dioksidi ambacho kila moja ingetoa, kisha kwa bei ya tani. Ugumu uko kwenye kiasi hicho. Umeme mwingi wa Kenya hutokana na jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo, hivyo wastani wa gridi ni mdogo. Lakini jioni, Malindi na Watamu zinapowasha taa na viyoyozi, mitambo ya mafuta mazito husaidia, ukiwamo wa Rabai (megawati 90) katika kaunti hiyo hiyo. Mitambo ya aina hii hutoa takriban kilo 0.65 kwa kilowati-saa. Mchana ni tofauti: tangu 2021 kituo cha jua cha Langobaya, megawati 40, hulisha gridi. Anayehesabu kwa wastani wa mwaka huwapunja wanaozima jioni.

Balbu ya wati 60 ikibadilishwa kwa LED ya wati 9, ikiwaka saa 5 kila usiku, huokoa kilowati-saa 93 kwa mwaka, yaani kilo 60 za hewa ukaa. Tuseme tani ni dola 10: hizo ni senti 60 tu. Nafuu kubwa ya mwenye nyumba imo kwenye tokeni za umeme anazonunua.